Mlango wa Bibi Hill

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeanza kuandika hadithi zake akiwa mwanafunzi hapa kwetu Makerere, alitoa mkusanyo uitwao Secret Lives mwaka 1975. Humo imo “The Martyr”, kisa cha bibi mlowezi na mtumishi wake wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya. Tumependa kuitazama kwa jicho la nadharia ya baada ya ukoloni, kisha tuone kama nadharia yatosha.

Albert Memmi, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza kuwa mkoloni mwenye moyo mwema hubaki akinufaika na dhuluma, apende asipende. Bibi Hill ni mfano halisi. Amewajengea watumishi wake nyumba za matofali, na wema huo hujivunia mbele ya wageni. Lakini ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Njoroge, mtumishi wake. Humpa mtu kibanda katika shamba la babaye, kisha hungoja shukrani!

Hadi hapo nadharia yatutosha. Ila hadithi yaenda mbali zaidi. Njoroge, aliyekwisha kuazimia kuwaongoza wapiganaji usiku ule, akumbuka kuwa bibi huyu naye ni mke na mama. Moyo wamgeuka, akimbia kumwonya. Kumbe Bibi Hill amekwisha kusikia kuwa jirani zake, akina Garstone, waliuawa baada ya mtumishi wao kubisha usiku akiomba msaada. Njoroge abisha, ajibiwa kwa risasi.

Wako wahakiki wasemao kuwa mtawaliwa hana sauti. Sisi twaona kuwa Njoroge anayo, na ameitumia. Kilichokufa kabla yake ni ile imani iifanyayo hodi iitikiwe karibu. Ukoloni haukunyang'anya ardhi tu. Uliharibu hata maneno ya kuombana msaada, yakawa hila masikioni mwa mwenye hofu.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusiwape wanafunzi majina ya nadharia kabla hawajaisoma hadithi yenyewe. Tuanze na swali ambalo hata mtoto aelewa: katika ardhi ile, nani hasa alipaswa kumbishia mwenzake hodi?