Kasi na Upesi: Istilahi za Mgeuko wa Metali Nyepesi

Mfasiri aletewapo maandishi yahusuyo jinsi alumini na magnesi zinavyogeuka umbo zinapogandamizwa ghafla, aghalabu hukimbilia maneno mawili: "kubonyea" na "kasi". Maneno hayo ni fasaha, wala hatuna ugomvi nayo katika mazungumzo. Katika istilahi, hata hivyo, hayatoshi.

Tuanze na "kubonyea". Sufuria ya alumini ikibonyezwa kidogo kwa kidole hurejea hali yake. Ikianguka sakafuni hubaki na kibonyeo. Mambo hayo ni mawili, nayo yahitaji majina mawili. Twapendekeza "mgeuko wa kurejea" na "mgeuko wa kudumu".

Neno "kasi" lina hatari zaidi. Nyundo iendayo mita 5 kwa sekunde ikigandamiza kipande chenye urefu wa milimita 5, kipande hicho huanza kufupika kwa kiwango cha mara 1,000 ya urefu wake kwa sekunde. Kipande kikiwa na milimita 50, kiwango hicho ni 100 tu. Kasi ya nyundo ni ile ile, lakini metali imepatwa na mambo tofauti. Basi "kasi" ibakie kwa nyundo, na kiwango cha kugeuka kwa metali kiitwe "upesi wa mgeuko". Chombo cha fito kilichotokana na kazi ya Bertram Hopkinson ya mwaka 1914, kikaendelezwa na Herbert Kolsky mwaka 1949, huchunguza upesi huu, wala si kasi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Metali hugeuka umbo hasa kwa "mtelezo", yaani tabaka za atomi kuteleza moja juu ya nyingine. Fuwele za alumini zina njia nyingi za mtelezo. Za magnesi zina njia chache zilizo rahisi. Kwa hiyo katika magnesi sehemu ya fuwele huweza kugeuka ikawa kama taswira ya jirani yake katika kioo. Wako wanaoiita hali hii "mkunjo". Hilo ni kosa, kwani hakuna kilichokunjwa. "Pacha" ndilo neno lifaalo. Upesi wa mgeuko ukizidi, mtelezo huwa mgumu zaidi, na pacha huelekea kuchukua sehemu kubwa zaidi ya mgeuko.

Kwa sababu hiyo kipande kilichopimwa polepole hakitupi habari kamili za siku ya ajali. Ofisa asomaye katika hati ya ununuzi kwamba kipuri cha gari "kimepimwa kwa kasi kubwa" hana budi kuuliza: kasi ya nyundo, au upesi wa mgeuko? Istilahi isiyomwezesha kuuliza swali hilo imemnyima haki yake.

Tunawaalika wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya, na wenye maneno bora zaidi wayalete.