Kontena la Baridi Huhukumiwa Sakafuni

Siku hizi Goma ukibandika paneli mbili za jua juu ya kontena la baridi, tayari unaitwa mtunza mazingira. Sifa hizo zinachosha. Anayezitoa ametazama paa, akasoma kwenye kidirisha nyuzi 18 chini ya sifuri, akaridhika. Hajafungua mlango akainama.

Sakafu ya matuta ya alumini haikuwekwa kwa urembo. Feni hufyonza hewa juu, huipitisha kwenye kipozeo, huisukuma chini ipite kati ya matuta hadi mlangoni, kisha ipande na kurudi chini ya dari. Ndiyo maana ukutani kuna mstari mwekundu ambao shehena haitakiwi kuuvuka. Frigo ya nyumbani haifundishi hivyo. Basi mwuza samaki wa thomson wa mtaa wa Ndosho hutandika mbao apate pa kukanyaga, au fundi wa bei poa humwaga zege ili pafagilike, na makatoni yakapandishwa hadi darini. Hewa ikikosa njia hukata kona, hurudi kwenye mashine ingali baridi, na kompresa huzima ikidhani kazi imekwisha. Namba ni nzuri, samaki wa mlangoni amelegea. Mwenye mali huteremsha namba zaidi, kompresa haipumziki tena, mazuti yanakwenda. Matapeli wanaijua siri hiyo: mnunuzi akija, kipimajoto hutundikwa pale pale hewa inapotokea. Fundi halisi hubana karatasi kwenye raba ya mlango. Ikivutika bila ubishi, hana haja ya kuwasha mashine.

Mtasema moto wetu wa umeme ni wa maji ya kituo cha Matebe, ni safi, kwa nini tuubanie? Januari 2025 vita vilipoingia mjini moto ulikatika, na baridi ikabaki ya mwenye jenereta. Paneli nazo si mbaya, ila mbili hazilishi mashine inayotaka kilowati kadhaa usiku na mchana. Na gesi ya kupozea? Kilo moja ya R-134a ikivuja hupasha anga sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi kwa miaka 100; kwa sababu hiyo nchi zilikubaliana hapo jirani, Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii yake. Fundi anayejaza kila mwezi bila kutafuta tundu si fundi. Na kontena la baridi kwa kawaida ni jeupe, lisifyonze jua. La rangi ya giza lisinunuliwe, hata kwa nusu bei.