Kamera Iko Upande wa Nani

Kifungu cha 39 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 kilizaa picha ambayo kila Mkenya mwenye runinga anaijua: kisanduku cha mkalimani wa lugha ya ishara pembeni mwa skrini. Kilivitaka vituo vyote viweke mkalimani, au maandishi, katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matangazo ya shughuli za kitaifa. Ukubwa wa kisanduku hakikuutaja. Hayo waliachiwa wahariri na mafundi wa studio, na sisi wahakiki tukayapita kwa kudhani ni mambo ya huduma tu, sanaa iko kwingine. Nadhani tulikosa somo zuri. Kisanduku kile kinaweza kusomwa kama ubeti unavyosomwa: kilichomo, kilichokatwa, na mahali kilipowekwa.

Anza na ukubwa. Katika hoteli za soko la Naitiri au Ndalu, huku Tongaren, runinga hutundikwa juu karibu na dari ili wateja wasiiguse. Ukikaa meza ya mlangoni wakati wa habari za saa moja, mkalimani ana urefu wa kidole. Lakini Lugha ya Ishara ya Kenya haiishi mikononi peke yake. Nyusi zikiinuka, sentensi inageuka swali. Mabega yakigeuka, msemaji mwingine ameingia. Mtu aliyetajwa hupewa mahali pake hewani, kisha hurejelewa kwa kuelekezewa pale pale, hivyo nafasi iliyo mbele ya kifua ndiyo ukurasa wa lugha hiyo. Kisanduku kinachobana viwiko kinakata sarufi. Na yale maandishi yanayotambaa chini ya skrini yanapopita juu ya vidole vya mkalimani, ni sawa na kumziba msomaji wa habari mdomo kila baada ya sekunde chache. Hakuna mhariri angemfanyia hivyo mtangazaji wake.

Halafu tazama majina. La mtangazaji huandikwa chini ya kidevu chake. Mwanahabari wa mashinani humaliza ripoti kwa kujitaja, yeye na mji aliko. Mkalimani, mara nyingi, hana jina. Anaingia bila kutambulishwa na kutoka bila kuagwa, ingawa ndiye aliyesema maneno mengi kuliko wote jioni ile. Tena kwa kawaida yeye ni mtu anayesikia, kwa hiyo hata ndani ya fremu iliyoahidiwa viziwi, kiziwi mwenyewe hayumo. Sheria ilimfikiria kama mtazamaji. Haikumfikiria kama mtu anayeweza kutengeneza kipindi. Na hata huko kutazama kuna mpaka, maana kifungu kile hakikugusa tamthilia wala vichekesho. Mkulima kiziwi wa Soysambu aliweza kufuata hotuba ya Bajeti. Wenzake mezani walipoangua kicheko kwa mzaha wa kwenye runinga, aliachiwa kuzisoma nyuso zao. Signs TV, kituo cha Kenya kilichojengwa juu ya lugha ya ishara, kilionyesha kwamba mpangilio huu si amri ya mbinguni. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya badala ya ile ya 2003. Kisanduku hakijaondoka pembeni.

Kuna umbo lingine ambalo ni la zamani zaidi na lenye nguvu zaidi, nalo halikutungwa na sheria yoyote. Ni ripoti ya huruma. Tongaren inaifahamu vyema kwa sababu ya jiografia yake. Ni eneo la skimu za makazi, mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi wakati wa uhuru. Kiutawala liko Bungoma, ila kwa biashara ya mahindi watu wengi macho yao yako Kitale. Mwandishi wa habari hutoka mji mmojawapo kati ya hiyo miwili, anashuka kwenye bodaboda na mpiga picha wake, anafanya kazi saa chache, anarudi. Anachorudi nacho kina dakika mbili, na dakika hizo hupangwa karibu vile vile, uwe ni mwaka gani au kituo gani.

Picha ya kwanza ni gurudumu. Kama hakuna kiti cha magurudumu, ni mguu, au gongo linalotua kwenye vumbi. Kamera hupanda polepole, kutoka chini kwenda juu, hivi kwamba tunaujua ulemavu kabla hatujamjua mtu. Uso hufika mwisho, kama jibu la fumbo. Chini yake kinanda kinalia noti mojamoja. Kisha anazungumza mama. Mara nyingine kijana ana miaka ishirini na kitu, amekaa hapo hapo ubavuni mwa mama, anasikia, anaweza kujibu, lakini kipaza sauti kinampita. Anabaki nyuma ya picha, nje ya mkazo wa lenzi. Mpiga picha kasimama wima, kijana kaketi, kwa hiyo tunamtazama kutoka juu kama anavyotazamwa mtoto. Kushusha miguu ya kamera hakugharimu hata shilingi. Mwishoni mwandishi anasimama mbele ya nyumba, anataja wahisani, na nambari ya M-Pesa inatokea chini ya skrini.

Wahesabu watendaji katika ripoti hiyo. Mama analea, jirani anasaidia, chifu anathibitisha, mwandishi anaripoti, mtazamaji anaombwa atoe. Mwenye hadithi hafanyi chochote, yeye anafanyiwa. Hata pale anapoonyeshwa akishona viatu au akirekebisha redio, kazi ile haipewi undani wake. Hatuelezwi anatumia uzi gani, anatoza ngapi, mteja gani alikataa kulipa. Kazi inakuwa ushahidi wa ujasiri, na fundi yeyote atakuambia kwamba ujasiri haushoni soli.

Sitaki kuwalaumu waandishi wa mashinani kirahisi. Wengi wao hulipwa kwa habari iliyorushwa, wala hawalipwi kwa siku waliyoipoteza njiani, na ripoti ya namna hii hurushwa. Zaidi ya hayo, inafanya kazi. Viti vya magurudumu vimefika kwa sababu ya dakika mbili hizo, karo imelipwa, upasuaji umefanyika. Umbo linaloleta mkate ni gumu kulivunja, na mhakiki aliyeshiba anapaswa kulikosoa kwa adabu. Hata hivyo lina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwenye chumba cha kuchagua waigizaji. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya laki tisa wenye ulemavu. Mtayarishaji ambaye miaka yote amewaona kwa umbo hili moja ataandika mhusika wa umbo hilo hilo, tena atampa mwigizaji anayetembea akalie kiti. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inazungumzia asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Tamthilia ya saa mbili usiku haimo kwenye hesabu hiyo. Na wanaosema vipaji havipo hawajaketi kwenye tamasha za drama za shule, ambako shule maalumu hupanda jukwaani pamoja na nyingine. Vipaji vipo. Baada ya jukwaa la shule ndipo ngazi inapokatika.

Je, fremu inaweza kupangwa vingine? White Shadow ya Noaz Deshe, filamu ya 2013 iliyopigwa Tanzania kwa Kiswahili na kutuzwa Venice kama kazi bora ya kwanza ya mwongozaji, ina jibu la nusu. Alias, kijana mwenye ualbino, anapelekwa mjini na mama yake baada ya baba kuuawa, akaishi chini ya mjomba Kosmos, anayeigizwa na James Gayo, yule mchoraji wa katuni za Kingo. Hamisi Bazili, anayemwigiza Alias, ana ualbino mwenyewe. Ila kwangu jambo kubwa liko kwenye lenzi. Kamera haitulii, inashikwa mkononi, inakaa shingoni pa Alias, inapoteza mkazo na kuutafuta tena, na mwanga wa mchana unaunguza kingo za picha. Watu wengi wenye ualbino huona kwa shida, macho yao hutikisika na jua huwaumiza. Sijui kama mwongozaji alikusudia hivyo, lakini ndivyo picha inavyosomeka: badala ya kumtazama Alias, tunapewa usumbufu wa kutazama kama yeye. Ile safari ya kutoka gurudumu hadi usoni haimo. Na anauza vitu barabarani, anapatana bei, anakosea, anachekwa. Ana shughuli.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, inakwenda njia nyingine. Jo, anayeigizwa na Stycie Waweru, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa hiyo hayumo hasa kwenye hesabu ya ulemavu, lakini filamu inalijua vizuri tatizo letu. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Kabla ya hapo dada yake amewapanga wanakijiji waigize kwamba uwezo wake wa ajabu ni wa kweli. Tazama kilichotokea kimaumbo: watu wote wenye afya wamekuwa waigizaji wa mtoto mmoja. Wao ndio wanaotii. Na Jo si mjinga. Anafika mahali pa kujua kwamba anachezewa, na kuanzia hapo anataka mchezo uwe wake. Kwa dakika chache mgonjwa anakuwa na neno katika kazi ya utengenezaji, jambo ambalo ripoti ya huruma haijawahi kumpa yeyote.

Kinachonisumbua ni bei. Alias anapewa jicho la kamera kwa sharti la kuwindwa. Jo anapewa filamu kwa sharti la kufa, tena filamu inaonyeshwa yeye hayupo. Zote mbili ni kazi nzuri, na zote mbili zinashindwa kumwazia mhusika huyu Jumanne ya kawaida, siku isiyo na hatari wala muujiza, siku ya deni la dukani na ugomvi wa mpaka. Hata wema wao ni mzito mno. Mtu mwenye ulemavu kwenye skrini zetu hana ruhusa ya kuwa mbaya, na asiye na ruhusa hiyo hawezi kuwa mhusika kamili. Anabaki mfano wa kufundishia.

Ningependa kuona dalali wa mahindi pale soko la Brigadier, mtu wa miaka hamsini aliyepata polio utotoni, anayetembea kwa magongo mawili, mwenye wake wawili na ulimi mtamu. Awe mwizi. Gorogoro lake la kupimia liwe limebondwa kitako kwa ndani, ili kila mnunuzi anayempimia apoteze konzi moja ya nafaka. Aigizwe na mtu anayetembea kwa magongo, na katika chumba cha uhariri akae mwingine mwenye ulemavu, wa kukataa ile picha ya gongo likitua kwenye vumbi. Kamera ianze kwenye gorogoro, mahindi yakimiminika, na vidole vyake vikisawazisha juu kwa haraka kuliko jicho la mnunuzi.