Mashine Inayofunguka

Fundi mzuri wa kompyuta ya mezani hutambulika kabla hajashika bisibisi. Vifaa vikiwa bado kwenye maboksi, huuliza maswali ambayo mteja mwenye haraka huyaona usumbufu: mashine itafanya kazi gani, chumba chake kina joto kiasi gani, umeme wa mtaani kwenu ukoje, na baadaye ungependa iweze kufanya nini ambacho leo hukihitaji. Swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya niiheshimu kazi hii. Kuunganisha vifaa vikawaka, kijana mwenye subira hujifunza kwa siku moja. Kuviunganisha ili mtu mwingine, pengine asiyekujua, aje kufungua kasha na kuiongezea mashine nguvu bila kuibomoa, hapo ndipo ufundi ulipo.

Uwezekano huo haukudondoka kutoka mbinguni. Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta binafsi iliyoundwa na timu ya Don Estridge kule Boca Raton, Florida, ndani ya kasha mlikuwa na nafasi 5 za kuchomekea kadi, na kampuni ikachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zake. Prosesa yake, Intel 8088, ilikwenda kwa megahezi 4.77; leo simu ya bei nafuu kabisa inaiacha mbali mno. Kasi ile imesahaulika, lakini nafasi zile zimedumu. Yeyote aliyeweza kusoma michoro aliweza kutengeneza kadi ikaingia na kufanya kazi. Mwaka 1987 IBM yenyewe ilijaribu kuufunga mlango huo kwa kuleta aina mpya ya nafasi iliyohitaji leseni yake. Mwaka uliofuata washindani wake 9 wakaungana na kutangaza ya kwao, na mlango ukabaki wazi. Kisha mwaka 1995 Intel ikaleta vipimo vya ATX, vinavyopanga madabodi iwe na ukubwa gani, skrubu zikae wapi na plagi ya umeme iweje. Ndiyo maana hadi leo unaweza kununua kasha duka hili na madabodi duka lile, Kariakoo au Luthuli Avenue, na matundu ya skrubu yakalingana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni soketi ya AM4 ya AMD. Aliyenunua prosesa ya Ryzen 3 yenye viini 4 mwaka 2017 kwa fedha zake chache angekuwa amefanya kosa kama soketi ingekufa na prosesa hiyo. Haikufa. Kufikia 2022, madabodi nyingi za 2017 zilikuwa zimeruhusiwa kupokea Ryzen 9 5950X yenye viini 16, au 5800X3D iliyotoka Aprili mwaka huo ikiwa na megabaiti 96 za kumbukumbu ya ndani. Kasha, RAM, diski, pawa saplai na madabodi vikabaki vilevile. Mhariri wa video aliyekuwa akisubiri usiku kucha filamu yake itoke, akabadilisha kipande kimoja cha ukubwa wa biskuti na kupata mashine nyingine kabisa.

Lakini kubadilisha kipande hicho kuna utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaomtenga fundi na mbabaishaji. Kwanza bayosi husasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa, kwa sababu madabodi isiyosasishwa haiitambui ile mpya, na ukishaing'oa ya zamani huna tena cha kuiwasha. Bayosi haisasishwi kwenye umeme unaocheza. Ukikatika katikati ya kuandikwa, madabodi inaweza kufa papo hapo. Katika miji yetu, ambako umeme huondoka bila kuaga, fundi anayefanya kazi hiyo bila UPS anacheza kamari na mali ya mtu.

Pili, kabla ya kutoa feni ya prosesa, mashine huwashwa ifanye kazi kidogo ipate joto. Pesti inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ikilala baridi kwa miaka huganda ikashika. Ukivuta moja kwa moja, prosesa huchomoka na soketi ikiwa bado imefungwa, na pini zake 1331 zilizo nyembamba kuliko sindano zikapinda. Ikishapata moto, unazima, unachomoa waya wa ukutani, unaizungusha feni taratibu kushoto na kulia mpaka isalimu amri yenyewe. Kisha unasafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, unaangalia pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa mpya, unailinganisha na alama ya soketi, unaiachia. Inaingia kwa uzito wake. Ikikataa, haisukumwi; inainuliwa na kuangaliwa upya.

Hapo pana somo la mkono ambalo halifundishiki kwa maneno matupu. Prosesa haitaki nguvu hata chembe. RAM inataka nguvu, hadi ndimi za pembeni zilie. Plagi kubwa ya madabodi inataka nguvu zaidi, na mwanafunzi huogopa kuivunja, akaiacha nusu. Mwaka 2022, kadi ya grafiki ya RTX 4090, inayokula hadi wati 450, ilipoanza kuripotiwa kuyeyusha plagi zake, NVIDIA ilisema tatizo lililojirudia ni plagi ambazo hazikuingizwa hadi mwisho. Baadaye plagi yenyewe ilifanyiwa marekebisho, pini zake za kuhisi zikafupishwa, ili isiyoingia sawasawa isipitishe umeme mwingi. Mkono uliozoea hujua tofauti ya hizi zote gizani.

Kuna mambo madogo ambayo huiba nguvu za mashine mwenyewe asijue. RAM mbili zikikaa kwenye nafasi zisizo zake, huenda njia moja badala ya mbili. Katika madabodi nyingi zenye nafasi 4, zinatakiwa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. RAM iliyouzwa kwa kasi ya 3600 hutembea kwa 2133 au 2666 mpaka mtu aingie kwenye bayosi na kuifungulia. Na skrini ikichomekwa kwenye madabodi badala ya kwenye kadi ya grafiki, kadi ya mamilioni inakaa bure. Wako watu wanaotumia mashine zao hivyo hadi leo.

Joto nalo lina sheria isiyobembelezwa: feni haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Vipimo vinavyosifiwa kwenye maboksi vingi huchukuliwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Dar es Salaam ya Februari, chumba bila kiyoyozi hupita 30, na tofauti hiyo huhamia ndani ya mashine. Kwa hiyo fundi wa pwani huchagua kasha lenye uso wa wavu, huweka feni za kuingiza hewa nyingi kuliko za kutoa ili vumbi lisivutwe kwenye kila upenyo, na humwambia mteja ukweli kwamba kasha la kioo mbele linapendeza lakini linabana pumzi.

Ninasisitiza ukarabati kwa sababu nyingine pia. Tantalamu inayotumika kwenye kapasita ndogo za vifaa vya elektroniki hutoka kwa sehemu kubwa kwenye koltani, na sehemu ya koltani ya dunia huchimbwa kwa mikono huko Rubaya, Kivu ya Kaskazini, na watu wanaozungumza lugha hii tunayoisoma hapa. Kutupa mashine nzima kwa sababu kipande kimoja kimechoka ni kuidharau kazi yao. Ndiyo maana sizipendi kompyuta za ofisini ambazo madabodi na pawa saplai zake zimepewa plagi za kipekee, ili siku kimoja kikifa kisipate mbadala sokoni. Ni mashine imara nyingi kati ya hizo, na bei ya mtumba inavutia, lakini zimeundwa zisifunguke.

Basi ukienda kuagiza mashine yako, mwombe fundi akuonyeshe upande wa nyuma wa kasha, ule usioonekana ukishafungwa, uone kama nyaya zimelazwa na kufungwa kwa namna inayofunguka. Muulize ni nafasi zipi zimebaki wazi na pawa saplai ina wati ngapi za akiba. Mwambie aiache RAM ikipimwa usiku mzima kabla hujalipa iliyobaki. Na udai mfuko wa skrubu zilizosalia pamoja na nyaya za pawa saplai ambazo hazikutumika, uziandike jina la pawa saplai hiyo, kwa sababu nyaya za aina moja zinaweza kuingia kwenye pawa saplai ya aina nyingine na kuunguza diski zako zote.