Tahajia Mbili katika Kamusi Elezo Moja: Uhakiki wa Kanuni za Kiingereza katika Wikipedia

1. Utangulizi

Wikipedia ya Kiingereza ilianzishwa na Jimmy Wales na Larry Sanger tarehe 15 Januari 2001. Tangu siku hiyo imeandikwa na watu wasiojuana, wakaao katika nchi mbalimbali, ambao kila mmoja wao alifundishwa shuleni tahajia ya nchi yake. Huyu huandika “colour”, yule “color”. Huyu “centre”, yule “center”. Huyu “organise”, yule “organize”. Hakuna kati yao anayekosea, kwani kila mmoja anayo kamusi inayomthibitisha. Hata hivyo wanaandika kitabu kimoja, na mara nyingi ukurasa mmoja. Kitabu hicho kifuate tahajia ya nani?

Jibu la kamusi elezo hiyo limo katika Mwongozo wake wa Mtindo. Makala hii inakusudia kulihakiki jibu hilo: kueleza linavyofanya kazi, kuonyesha linapofaulu na linapopwaya, kisha kuuliza ni kipi ndani yake kiwezacho kuwafaa waandishi wa Kiswahili, ambao nao wana kamusi elezo moja kwa ajili ya nchi nyingi.

2. Chimbuko la tofauti

Tofauti hizo hazikuzaliwa na uzembe. Kamusi ya Samuel Johnson, iliyochapishwa London mwaka 1755, iliimarisha tahajia ambayo Waingereza walikuwa wakiizoea. Noah Webster, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1828, aliwapendekezea Wamarekani nyingine, kwa sababu mbili: kurahisisha maandishi, na kulipatia taifa jipya alama ya kujitegemea katika lugha. Baadhi ya mapendekezo yake yaliota mizizi Marekani, kama vile kuondoa herufi u katika “colour”. Mengine yaliafikiana na mwelekeo wa Waingereza wenyewe: herufi k iliyoandikwa zamani mwishoni mwa “musick” ilitoweka pande zote mbili za bahari. Mengine yalikataliwa hata nyumbani kwake, kama vile kuandika “tung” badala ya “tongue”.

Mfano wa kiishio “-ize” unafundisha zaidi. Wasomaji wengi hukihesabu kuwa cha Kimarekani. Lakini kamusi za Oxford zimekishikilia tangu zamani, kwa hoja kwamba asili yake ni Kigiriki. Na majina rasmi ya mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, huandikwa vivyo hivyo. Mwingereza anayekikataa kwa kudhani ni cha kigeni hakatai kosa la lugha. Anakataa bendera anayodhani kuiona ndani ya herufi moja. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lote. Tahajia hubeba sauti na maana, lakini hubeba pia tangazo la mwandishi kuhusu kwao.

3. Kanuni nne

Mwongozo wa Mtindo hautangazi Kiingereza cha nchi yoyote kuwa bora kuliko kingine. Badala yake unaweka kanuni nne.

Ya kwanza ni ulinganifu wa ndani: makala moja isichanganye tahajia mbili. Majina rasmi na madondoo hayaguswi. Bandari ya Hawaii itabaki “Pearl Harbor” na ile ya Sydney itabaki “Sydney Harbour”, hata zikitajwa katika aya moja. Chama tawala cha zamani na cha sasa cha wafanyakazi nchini Australia kitaandikwa “Labor”, kama chenyewe kijiitavyo, ingawa Waaustralia huandika “labour” katika matumizi ya kawaida.

Ya pili ni uhusiano wa mada na taifa: makala kuhusu Moto Mkuu wa London hufuata tahajia ya Uingereza, na ile ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hufuata tahajia ya Marekani. Ya tatu ni kuhifadhi kilichokuwapo: pasipo uhusiano wa namna hiyo, makala hubaki katika tahajia iliyowekwa na mwandishi wake wa kwanza, isipokuwa wahariri wakubaliane vingine. Ya nne ni kutafuta ushirika: neno linaloeleweka kila mahali litangulizwe mbele ya neno la nchi moja. Kwa mfano, msomaji wa nje ya India haelewi upesi “crore”, bali anaelewa milioni kumi.

4. Mafanikio na upungufu

Sifa kuu ya kanuni hizo ni kwamba zinaondoa tuzo ya ugomvi. Asiyeruhusiwa kugeuza “color” kuwa “colour”, wala kinyume chake, hana anachokipata kwa kugombana. Kanuni hizo hazikujaribu kuamua nani ana haki, jambo ambalo lisingeamulika. Zilihamisha umoja kutoka katika lugha nzima na kuuweka katika makala moja moja, ambamo unawezekana. Kwa kitabu kisicho na mhariri mkuu, huo ni ufumbuzi wa busara.

Hata hivyo upungufu upo, nao si mdogo. Kwanza, kanuni ya tatu inamtawaza aliyewahi. Makala kuu kuhusu rangi ina anwani ya “Color”, ilhali makala kuhusu rangi ya machungwa ina “colour” katika anwani yake. Hakuna hoja ya elimu inayoeleza tofauti hiyo. Ni bahati ya nani aliandika kabla ya nani. Makala kuhusu mtindi ilibadilishwa jina kati ya “yogurt” na “yoghurt”, na ubishi ukaendelea miaka mingi hadi mwaka 2011, ambapo “yogurt” ilithibitishwa. Kanuni inayotegemea historia huwafanya watu wagombanie historia yenyewe: nani alianza, na mwanzo uhesabiwe tangu lini.

Pili, kanuni ya mataifa inawafaa wale ambao Kiingereza chao kimekwisha kuandikiwa kamusi. Makala ya Kiingereza kuhusu Lubumbashi au Bukavu haina Kiingereza cha kitaifa cha kufuata, kwa kuwa Kongo haina tahajia yake ya Kiingereza; makala hiyo hurudi chini ya kanuni ya aliyewahi. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya dunia. Usawa uliotangazwa ni usawa kati ya wenye mamlaka ya tahajia, na walio nje ya mamlaka hayo huazima tahajia ya jirani.

Tatu, kanuni ya ushirika inafaa kwa msamiati kuliko tahajia. Kati ya maneno mawili ya nchi mbili huweza kupatikana neno la tatu linalojulikana na wote. Kati ya “colour” na “color” hakuna tahajia ya tatu. Mahali ambapo ushirika ungewezekana, yaani katika “-ize” inayokubaliwa na kamusi za pande zote mbili, Mwongozo haukuilazimisha. Wanakemia peke yao ndio waliovuka kizuizi hicho. Shirika lao la kimataifa, linaloitwa kwa kifupi IUPAC, huandika “aluminium” na “caesium” karibu na mazoea ya Uingereza, lakini “sulfur” kama Wamarekani. Na makala za kemia katika Wikipedia hufuata majina hayo matatu bila kujali tahajia ya sehemu nyingine ya makala. Iliwezekana kwa sababu kila upande ulipoteza kitu na kupata kitu.

5. Njia nyingine

Ziko lugha zilizochagua vingine. Wikipedia ya Kichina hutumia programu inayogeuza maandishi yenyewe: msomaji wa Taiwan huona herufi za jadi, na yule wa Beijing huona herufi zilizorahisishwa, ilhali makala ni moja. Kwa Kiingereza njia hiyo ingekwama upesi kuliko inavyodhaniwa. Mwingereza huandika “metre” akitaja kipimo cha urefu na “meter” akitaja chombo cha kupimia. Huandika “tyre” kwa gurudumu na “tire” kwa kuchoka. Mmarekani huziandika “meter” na “tire” pasipo kutofautisha. Mashine inayogeuza kutoka Marekani kwenda Uingereza haina budi kuelewa maana kabla ya kugusa herufi, na isiguse majina wala madondoo.

Wanorwe nao wana Wikipedia mbili, moja kwa Bokmål na nyingine kwa Nynorsk. Njia hiyo humpa kila mwandishi nyumba yake, lakini kazi ya kuijenga hufanywa mara mbili. Lugha yenye waandishi wachache haiwezi kuimudu bila hasara.

6. Funzo kwa Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni moja kwa Waswahili wote. Mizozo ya tahajia ndani yake ni haba kuliko ya Kiingereza, kwa kuwa tahajia ilikwisha kusawazishwa mapema: Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ilichukua Kiunguja kuwa msingi na kukieneza katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, haikuwamo. Kwa hiyo hapo ndipo swali la aliyewahi linapomrudia Mkongo kwa ukali zaidi: katika Kiswahili, aliyewahi hakuwa mhariri fulani wa kamusi elezo, bali kamati ambayo nchi yake haikuketi ndani yake.

Lakini kanuni za Kiingereza haziwezi kuhamishwa zilivyo. “Colour” na “color” hutofautiana machoni, si masikioni. “Mutoto” na “batoto” za Lubumbashi, zikilinganishwa na “mtoto” na “watoto”, hutofautiana kwanza mdomoni, na kisha katika upatanisho wa sentensi nzima. Kuziruhusu katika makala kungekuwa kuchagua lahaja, jambo lililo zito kuliko kuchagua herufi.

Penye msamiati hali ni tofauti. Lubumbashi imegawanyika katika komini, na Katuba ni mojawapo. Mwandishi akiiita kata ili kumridhisha msomaji wa Dodoma, atakuwa amelitaja jambo la Kongo kwa jina la utawala wa Tanzania, na msomaji atakuwa amedanganyika. Vivyo hivyo “jimbo”, ambalo kwa Wakongo ni sehemu kubwa ya utawala wa nchi, lakini katika Tanzania hufahamika zaidi kuwa eneo la uchaguzi wa mbunge. Kanuni ya uhusiano wa mada na taifa inatetea “komini” na “jimbo” katika makala za Kongo. Kanuni ya ushirika inadai zifafanuliwe zinapotajwa mara ya kwanza. Kanuni ya ulinganifu inadai zisibadilishwe katikati ya makala. Kanuni hizo tatu zafaa kuchukuliwa.

7. Hitimisho

Kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zimeleta amani, na amani hiyo imewezesha kazi kubwa kufanyika. Hazikuleta haki kamili, kwa kuwa zinampa mwanzo uzito ambao mwanzo haukustahili, na zinalihesabu taifa lenye kamusi mbele ya msemaji asiye nayo. Waandishi wa Kiswahili wanaweza kuiga subira yake: tofauti isiyomzuia msomaji kuelewa iachwe ilivyo. Wasiige heshima yake kwa aliyetangulia. Katika Kiswahili, kanuni hiyo ingemwacha Mkongo aandike juu ya mji wake kwa maneno ya mji mwingine, na kamusi elezo ingepoteza ukweli iliokusudiwa kuuhifadhi.