Sikio la John Peel

Watangazaji wengi wa muziki siwaamini. Wanaongea mno, halafu wimbo wenyewe wanaukata katikati ili wapate kuongea tena. Kwa hiyo nilipoanza kusikiliza rekodi za vipindi vya John Peel wa BBC Radio 1, uso nilishaukunja. Nimezisikiliza mwezi mzima, usiku, wakati mtaa umelala. Uso umekunjuka, ila si wote.

Peel alizaliwa 1939, jina lake hasa John Ravenscroft. Aliingia Radio 1 ilipofunguliwa mwaka 1967, akabaki hapo mpaka alipofariki ghafla huko Cusco, Peru, Oktoba 2004. Miaka 37 kwenye stesheni ya vijana, si mchezo! Sauti yake ilivuka hata bahari kwa masafa mafupi, kupitia idhaa ya BBC ya dunia. Na ni sauti ya ajabu: ya mtu aliyechoka kidogo, kama mzee anayesoma matangazo ya vifo. Anataja bendi, anaweka santuri, basi. Mara nyingine anaiweka kwa mwendo usio wake, bendi inaimba kama kinyago kilichopandwa na pepo, anaomba radhi, anaanza upya. Hakuna mbwembwe.

Jukwaani ndiko alikokuwa kichekesho. Mwaka 1971 alitokea kwenye televisheni, katika Top of the Pops, pamoja na Rod Stewart na wenzake wa Faces, akijifanya anapiga mandolini katika "Maggie May". Alikuwa hajui kuipiga. Ile inayosikika kwenye santuri ni ya Ray Jackson wa Lindisfarne. Kwenye matamasha ya Reading yeye aliweka santuri wakati bendi zinapokezana vyombo. Nafasi hiyo ilimfaa: pembeni, kati ya wimbo na wimbo.

Utajiri wenyewe uko kwenye zile "Peel Sessions". Bendi iliitwa studio za BBC, mara nyingi Maida Vale, London, ikarekodi kama nyimbo nne na kuzimaliza siku hiyohiyo. Zilifanyika zaidi ya 4,000. Usidhani zilizaliwa na ukarimu mtupu. Kulikuwa na makubaliano, chama cha wanamuziki kikiwemo, yaliyowekea mpaka saa ambazo redio ingeweza kupiga santuri za madukani. Muda uliobaki ulitaka watu wa kupiga muziki kwelikweli. Peel akakigeuza kizuizi kuwa mlango, na walioingia wengi ni vijana ambao hata barua ya kampuni ya muziki walikuwa hawajaiona.

Hapo nikaikumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam. Nayo ilirekodi bendi studioni kwake, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu NUTA Jazz, Vijana Jazz au Mlimani Park kimo kwenye kanda zake. Ila kule mashairi yalipita kwanza mbele ya kamati. Kwa Peel kamati ilikuwa mtu mmoja na masikio yake mawili. Jamani, na hilo nalo linatisha! Septemba 1978 aliupiga "Teenage Kicks" wa The Undertones, vijana wa Derry, mara mbili mfululizo, na muda si mrefu wakapata mkataba na Sire. Je, na kanda iliyokuwa chini kabisa ya rundo, ambayo mzee hakuifikia usiku ule? Sisi tunaotuma hadithi magazetini na kungoja tunalijua rundo hilo.

Lawama yangu nyingine ni kwamba alipenda mno mwanzo wa watu. Marc Bolan alikuwa rafiki yake tangu enzi za Tyrannosaurus Rex. "Get It On" ilipotoka 1971 na kupendwa na kila mtu, Peel hakuipenda, na urafiki ukapoa. Utaniambia: mbona The Fall aliwaita mara 24, tangu 1978 mpaka mwaka aliofariki? Sawa. Lakini itazame bendi hiyo: wapigaji walibadilishwa kila mara, akabaki Mark E. Smith peke yake. Kila alipowaita, alipata bendi mpya yenye jina la zamani.

Waliolipia mwanzo huo ni Bhundu Boys wa Zimbabwe. Mwaka 1986 Peel na Andy Kershaw waliwapigia debe, Uingereza ikacheza jit. Mwaka 1987 wakawa Wembley, wakifungua onyesho la Madonna. Kampuni kubwa ikawachukua, muziki ukapoteza chumvi yake, bendi ikaparaganyika. Biggie Tembo, sauti yao kubwa, alijiua 1995. Sisemi Peel ndiye aliyewaua, hasha. Nasema redio inaweza kukufungulia mlango, lakini haiingii nawe ndani.

Hata hivyo nimeendelea kusikiliza, maana masikio yake hayakuwa na mipaka ya nchi wala rangi. Aliposherehekea miaka 50, mwaka 1989, waliopiga ni The Four Brothers, Wazimbabwe vilevile. Na mwaka 2001, mzee wa miaka zaidi ya 60, alikuwa akiwapigia debe White Stripes wa Detroit kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Mgeni asianze na santuri zake maarufu. Atafute walichorekodi Siouxsie and the Banshees kwa kipindi hicho Novemba 1977, wakiwa hawana mkataba na mtu yeyote. Aanze na "Metal Postcard", aongeze sauti zikiingia ngoma, na jirani akigonga ukuta amwombe radhi kesho.