Gofu la Mikindani Linavyosomeka

Ukitaka kujua nyumba ya mawe ya Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, ilijengwaje, usianzie kwenye nyumba nzima. Anzia kwenye gofu, pale ukuta ulipopasuka.

Ndani utaona vipande vya matumbawe vya kila ukubwa, vimeshikana kwa chokaa na mchanga. Nje, lipu ya chokaa. Ukuta ni mnene kwa sababu mawe hayo hayana umbo: unene ndio unaoufanya usimame. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo. Yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji yakawa unga.

Hapo ndipo mafundi wetu walipoachana na wa Portus, bandari ya Roma. Wale walichanganya chokaa na majivu ya volkano, wakapata zege linaloganda hata chini ya maji. Chokaa ya pwani yetu hukomaa kwa hewa, polepole, na maji yakiichuruzikia mwaka hadi mwaka huilegeza.

Sasa inua macho. Safu ya matundu yaliyopangana kwa kimo kimoja ni mahali zilipolala boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya ghorofa au dari. Boriti ya mkoko haitegemewi sana ikizidi meta tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Mwenye nyumba aliyetaka nafasi aliongeza chumba kingine sambamba. Kukipanua cha kwanza hakuweza.

Boriti ndiyo huponza nyumba. Paa likivuja, ncha iliyomo ukutani huoza kwanza, dari hushuka, na kichwa cha ukuta hubaki wazi kwa mvua. Mbegu ya mti ikiota humo, mizizi humalizia kazi. Kuziba nyufa kwa saruji hakusaidii: saruji ni ngumu kuliko ukuta na hufungia unyevu ndani, lipu ikabanduka.

Boriti mpya nazo si za kujikatia tu. Mikoko ya mdomo wa Ruvuma, kusini mwa Mtwara, tangu 2000 imo ndani ya hifadhi ya bahari.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo za kuokoa gofu asikimbilie milango ya nakshi wala rangi. Afunike kwanza vichwa vya kuta kwa chokaa, ang'oe miche ikiwa midogo, na maji ayatafutie njia ya kutokea.